Ungekuwepo

Kwa miaka thelathini na moja Fundi aliionea wivu sufuria. Si mwanamke, sufuria. Wake wengine wa wapima ardhi walikuwa na hofu zao za kawaida, maana mume akikaa porini wiki sita, akarudi nyumbani siku kumi, kisha akaondoka tena, mke ana haki ya kuwaza mengi. Fundi hakuwaza hayo. Alichowaza ni sufuria moja nyeusi ya kambini, iliyokaa juu ya mawe matatu, ambayo mumewe aliisimulia kila aliporudi kama mtu anayesimulia habari za mke mdogo.

Mumewe huyo aliitwa Mita. Wenzake wa kazini ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa hakuna kitu alichokiona asikipime, hata hatua za kutoka kitandani hadi msalani. Jina likamfuata hadi nyumbani, na mkewe naye akalizoea. Mke alikuwa anashona sare za shule katika chumba cha mbele, ana cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Basi ndani ya nyumba ile watu walikuwa wawili, Mita na Fundi, na binti mmoja aliyekwisha kuolewa mbali.

Siku ya Mita kurudi ilikuwa inajulikana. Viatu vyake vyenye tope vinavuliwa mlangoni, mashati yanarowekwa kwa sabuni mara mbili na bado yananuka moshi. Anaoga, anakaa mezani. Fundi anampakulia wali na maharage, chakula alichokipenda kuliko vyote, anamimina maji kwenye bilauri, anasimama kidogo kuona kama chumvi inatosha, kisha anarudi mbio chumba cha mbele, kwa sababu sare hazijishoni zenyewe. Yeye atakula baadaye, kwa kijiko kikubwa, amesimama jikoni, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Na Mita, mdomo umejaa, anaanza kupiga soga kupitia mlango uliofunguliwa, akishindana na kelele za cherehani.

"Fundi! Juzi tulikuwa juu ya kile kilima nilichokwambia. Mvua imekatika, kila kitu kimelowa, tunatetemeka. Jivu akafunua sufuria. Maharage yanatoka moshi, wali una ukoko ule mwembamba. Tukakaa chini sote, tukala tunaangalia mawingu yakipita chini yetu. Chini yetu, Fundi! Ungekuwepo!"

Kila hadithi iliishia hapo. Ungekuwepo. Na kila mtu analijua neno hilo linavyotumika. Aliyekwenda harusini anakwambia ungekuwepo, maana yake hukuwepo, pole yako, vinono vimekupita. Fundi alilisikia hivyo. Alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka meza ikatikisika, akajibu, "Naona." Moyoni alijibu mengine, ambayo si ya kuandikwa hapa.

Usidhani alikaa tu bila kupigana. Alinunua sahani za bati kama za kambini. Alijaribu kupika kwa mkaa uani badala ya gesi. Kuna siku aliunguza wali kwa makusudi ili upate harufu ya moshi, na Mita akala wote kwa adabu, akasema, "Tamu sana, Fundi. Tamu kweli." Kisha akashusha pumzi akitazama dirishani. Hiyo pumzi ndiyo iliyomwua Fundi. Binti yao alipokuwa shuleni bado aliwahi kumwuliza, "Mama, hivi unaionea wivu sufuria?"

"Siionei," Fundi alijibu. "Naishangaa tu."

Jivu ndiye alikuwa mpishi wa kambi. Fundi hakuwahi kumtia machoni, lakini alimjua kama mtu anavyomjua jirani mwenye redio ya sauti kubwa. Alijua kwamba Jivu ni mrefu, kwamba anakohoa akicheka, kwamba anapika maharage ambayo, kwa maelezo ya Mita, mtu akiyala anasahau kuwa ana malengelenge miguuni. Fundi alikuwa na siri yake kuhusu maharage hayo. Siri yenyewe ni kwamba alitamani, walau mara moja, mumewe arudi kutoka safari na kusema chakula cha nyumbani ndicho alichokuwa akikiota. Hakutaka zaidi ya hapo. Hata hilo hakulipata.

Kisha Mita akastaafu. Fundi akajisemea sasa nimempata, porini kumekwisha, atakula kwangu mpaka azoee. Miezi mitatu haikutimia, kiharusi kikamwangusha bafuni.

Mkono wa kulia ukafa ganzi na maneno yakamponyoka. Mtu aliyekuwa anaweza kukusimulia kigingi kimoja kwa nusu saa alibaki na maneno manne: ndiyo, hapana, maji, huko. Mwanzoni Fundi alishukuru hata kwa hayo manne. Halafu Mita akaacha kula.

Hakuacha kwa siku moja. Alianza kuacha nusu, kisha robo tatu, kisha akawa anafumba mdomo kijiko kikiwa bado kiko mbali. Kliniki muuguzi akamweka kwenye mizani, akaandika, akamweka tena kana kwamba mizani imekosea. Daktari akamwita Fundi pembeni, ingawa pembeni kwenyewe kulikuwa hatua mbili tu kutoka kiti cha mgonjwa.

"Koo lake halina shida, mama. Anaweza kumeza. Ni hamu ndiyo hana. Alhamisi ijayo mkija akawa amepungua tena, itabidi tumlaze tumlishe kwa mpira wa puani."

Fundi aligeuka akaona mkono wa kushoto wa Mita umeshika kiti mpaka vidole vimebadilika rangi. Alikuwa amesikia. Njiani kurudi nyumbani Fundi alimwapia kimoyomoyo kuwa mpira huo hautaingia pua ya mume wake yeye akiwa hai.

Akapika. Alipika uji wa kila namna, supu, mayai, viazi vya kuponda, mtindi wa kijiko kimoja kimoja. Alipika maharage yake. Alimkalisha mezani mahali pake pa siku zote, akasimama kando yake na kijiko, sikio moja likiwa chumba cha mbele kwa wateja, na kila mara ilikuwa yale yale. Mita anafumba mdomo. Anainua mkono wa kushoto, anaonyesha upande wa dirisha, anasema, "Huko."

"Huko wapi, mzee wangu?"

"Huko."

Fundi hakuhitaji mkalimani. Dirishani kuna nje, na nje kuna porini, na porini kuna ile sufuria. Hata sasa, maneno yamemwisha, kiwiliwili kimemwisha, bado anataka chakula cha huko. Siku hiyo Fundi alikwenda chumba cha mbele, akalaza kichwa juu ya mashati ya shule aliyokuwa ameyakunja kungoja vifungo, akalia mpaka la juu likalowa. Alilia kwa sababu mumewe alikuwa anakufa njaa mezani kwake. Alilia pia kwa wivu, na kulilia wivu umri ule kulimtia haya, kwa hiyo akalilia na haya yenyewe.

Alipomaliza alinyanyuka, akanawa uso. "Kama ni sufuria," alisema peke yake, "basi sufuria ije."

Namba ya Jivu aliipata ndani ya daftari la kazi la Mita, katikati ya vipimo na michoro ya vilima. Alipiga Jumatatu. Sauti upande wa pili ilikohoa, ikacheka, iliposikia habari ikaacha utani. "Shemeji," ikasema, "loweka maharage Jumanne usiku. Mimi Jumatano asubuhi niko kwako."

Alifika kweli, na basi la kwanza, mrefu kama alivyosimuliwa, kiroba begani. Ndani ya kiroba ilikuwemo sufuria yenyewe. Fundi aliitazama. Ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani, imebonyea upande mmoja, na mpini mmoja umefungwa waya. Alijisikia mjinga kidogo.

Jivu alisimama mbele ya kiti cha Mita. Macho yakamjaa machozi, na kwa kuwa alikuwa mwanamume wa kambini hakujua ayapeleke wapi, akayafanyia utani. "Mita!" alisema. "Mbona umekuwa sentimita?"

Nusu ya mdomo wa Mita ikacheka. Fundi hakuwa ameiona nusu hiyo ikicheka tangu bafuni, na hapo hapo akamsamehe Jivu mambo mengi ambayo Jivu hakujua kuwa anadaiwa.

Walikwenda uani, kati ya pipa la maji na kamba ya nguo. Jivu alipanga matofali mawili na jiwe moja, akaomba kuni, Fundi akampa miguu ya meza ya zamani ya kukatia vitambaa. Moto ukashika. Maharage yakaanza kuchemka, na Fundi akasimama kando na kalamu na daftari lake la wateja, ukurasa uliokuwa na kiuno na mabega ya mtoto wa mtu, tayari kuandika. Alikuwa amepiga moyo konde. Kama mapishi ya mwanamume mwingine ndiyo yatakayomwokoa mume wake, atayajifunza, atayapika mpaka kaburini, hatasema neno.

"Usinifiche kitu, shemeji," alisema. "Hata kama ni siri ya jikoni."

"Mimi nina siri gani?" Jivu alijibu huku akimenya vitunguu. Alikata viwili. Cha kwanza akakitia kwenye mafuta, akakikaanga mpaka kikawa kahawia, akatia nyanya. Cha pili alikiacha juu ya kibao.

"Hicho umekisahau," Fundi akamwambia.

"Sijakisahau. Hicho kinangoja. Hicho ndicho kitunguu cha kuchelewa. Kinaingia kibichi wakati sufuria inatoka motoni."

Kalamu ya Fundi ikasimama.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, siku moja mteja alibisha hodi Fundi akiwa jikoni. Alikwenda, akapima nguo, akarudi, akaepua maharage, ndipo akaona nusu ya vitunguu vyake bado imekaa kwenye kibao. Kwa aibu ya bibi arusi akavitumbukiza hivyo hivyo vibichi, akakoroga, akafunika. Mita alikula, akaomba tena, akasema, "Ulichofanya leo usikibadilishe." Fundi hakukibadilisha. Hakumweleza mtu kwamba ni makosa. Binti yake mwenyewe alidhani ni utaratibu wa bibi zake wote.

Jivu aligeuza mwiko, akaanza kuponda maharage machache kwenye ukingo wa sufuria ili mchuzi uwe mzito. Mara mbili, kisha akakoroga, kisha mara moja tena. Fundi alitazama mkono ule akauona mkono wake.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Mita mwenyewe." Jivu hakuinua kichwa. "Nilipoanza kazi nilipika ya kwangu. Alikula kwa adabu, unamjua. Kesho yake akaja jikoni na daftari la vipimo, kalamu sikioni. 'Jivu, mke wangu anafanya hivi.' Akanichorea, shemeji! Kitunguu cha kwanza, mshale, nyanya, mshale, kitunguu cha pili, akaandika kando 'kichelewe'. Nilipokosea alinirudisha kama karani. Ilinichukua msimu mzima ndipo akasema, sawa, sasa imekaribia."

"Imekaribia nini?"

"Ya kwako." Sasa Jivu aliinua kichwa, akashangaa sura aliyoiona. "Kwani hujui? Mimi sina maharage ya kambini, shemeji. Sikuwahi kuwa nayo. Miaka yote nilikuwa napika ya kwako."

"Muongo wewe."

"Muulize. Ah, maskini, hawezi kusema." Akapangusa jivu kwenye paji la uso, akajipaka zaidi. "Basi niulize mimi. Kila jioni, akishapokea sahani, kabla hajagusa, alisema neno lile lile. Sisi vijana wake tukalifanya utani, tukawa tunamngoja aseme ndipo tule, kama dua."

"Neno gani?"

"Angekuwepo."

Maharage yalikuwa yanachemka. Fundi aliuliza, "Nani?" ingawa alishajua, kwa sababu kuna mambo mtu anataka aambiwe kwa mdomo.

"Nani tena? Alikuwa na mwingine?"

Fundi aliegemea pipa la maji. Angekuwepo, ungekuwepo. Neno ni lile lile, aliyeachwa nyumbani ndiye aliyelisikia vibaya. Mita hakuwa anamringia. Alikuwa amekaa juu ya kilima, amelowa, anakula chakula cha mke wake kilichopikwa na mtu mwingine, na alichokikosa kilikuwa mke mwenyewe. Kisha akarudi nyumbani akamwambia hivyo kwa kinywa chake, mara ngapi sijui, na Fundi akajibu, "Naona."

"Siku ya kukunja mahema, kila mwisho wa msimu, wenzake waliwaleta wake zao," Jivu aliendelea, kwa upole sasa. "Nikamwuliza, Mita, wako mbona hatumwoni? Akasema, 'Kila nikirudi namwambia. Nikisema ungekuwepo, anakanyaga cherehani. Hapendi porini, Jivu. Simlazimishi.'"

"Mtu mzima!" Fundi akapaza sauti, na hakujua kama anacheka au analia. "Anapima mlima mpaka kwenye sentimita, anashindwa kusema neno moja, twende?"

"Na wewe, shemeji, ulishindwa kusema nipeleke?"

Fundi alisimama pale uani akizikosa jioni ambazo hakuwahi kuwa nazo: mawingu chini ya miguu, mashati yakikauka karibu na moto, bega la Mita, sahani ya bati ya moto juu ya mapaja. Hamu ilimshika ya kitu kilichokwisha kupita, na hamu ya namna hiyo haina dawa. Angeenda hata kwa miguu. Angeenda amebeba cherehani kichwani.

Jivu aliepua sufuria, akatumbukiza kitunguu cha kuchelewa, akafunika. Wakamleta Mita na kiti chake, wakamweka penye kivuli cha ukuta. Jivu akapakua. Fundi akachukua kijiko, akasimama mbele ya mumewe kama siku zote, uzito mguu mmoja, sikio chumba cha mbele.

Mita alinusa. Macho yake yakaenda kwenye sahani, yakaenda kwa Jivu, yakarudi kwa Fundi. Kijiko kilipokaribia akafumba mdomo.

"Mzee wangu," Fundi akasema. "Ni yenyewe. Ni ya kambini. Tuko nje."

"Huko," Mita akasema.

Mkono wa kushoto ukainuka. Haukuonyesha sufuria, haukuonyesha moto. Ulionyesha ndoo iliyofudikizwa chini, hatua moja kutoka kwenye goti lake.

"Huko," akarudia, kwa bidii ya mtu anayesukuma mlango mzito.

Hapo Fundi akaelewa. Maneno yalimponyoka Mita, na pamoja nayo "hapa" na "hapo" yalikwenda. La kuonyeshea mahali lilibaki moja tu, basi alilitumia kwa kila mahali. Na kule mezani hakuwa anaonyesha dirisha. Chini ya dirisha kulikuwa na kiti. Kiti cha pili cha meza ile, ambacho Fundi alikuwa amekirundikia vitambaa tangu binti alipokuwa mdogo, kwa sababu hakuna aliyekikalia. Alijaribu kukumbuka chakula kimoja, kimoja tu, ambacho alikaa na mume wake kutoka kijiko cha kwanza hadi cha mwisho. Hakukikumbuka. Alikuwa amempikia kwa miaka thelathini na moja na hakuwahi kuwepo.

"Kambini hakuna anayelisha mwenzake amesimama, shemeji," Jivu akasema taratibu. "Kaa."

Fundi akakaa juu ya ndoo. Magoti yao yakagusana. Jivu akampa sahani yake mwenyewe, kijiko chake mwenyewe, akakaa chini na ya kwake, halafu, kwa mazoea tu, bila kufikiri, akasema kama walivyokuwa wakisema zamani, "Haya, Mita. Neno."

Mara akajuta, akajifunika mdomo. Lakini mdomo wa Mita ulikuwa umekwisha kuanza kutafuta. Ulitafuta muda mrefu. Midomo ilikutana, ikaachana, ikakutana tena, jasho likamtoka kwenye paji, na wote wawili wakangoja, sahani zikiwaunguza mapaja.

"U," Mita akasema. "U. Upo."

Halikuwa swali, wala salamu ya njiani.

"Nipo," Fundi akamjibu. "Nipo, Mita."

Mita akafungua mdomo. Fundi akampa kijiko kimoja, akala na yeye kimoja, chakula chake mwenyewe, cha moto, kitunguu kibichi kikilia chini ya jino, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini mumewe alikuwa anashusha pumzi. Kijiko kwake, kijiko kwangu. Jivu aliinamia sahani yake akakohoa sana, akasingizia moshi.

Walikuwa wamefika nusu ya sahani mlango wa mbele ulipogongwa.

"Hodi! Fundi yupo?"

Mita akaacha kutafuna. Alimtazama mkewe kama alivyomtazama kila siku hodi ilipopigwa, mtu aliyekwisha kuzoea kuachwa mezani.

"Hayupo!" Fundi akajibu kwa sauti, mdomo umejaa maharage, akachota kijiko kingine. "Anakula na mume wake!"